Mitandao Miwili Katika Tabaka Moja: Majibu Kuhusu Mipako Mseto Inayogandishwa kwa Mwanga

Tangu safu hii ilipogusia, kwa aya moja tu, mipako inayokomazwa kwa taa ya urujuanimno, barua zimekuja kwa wingi kuliko nilivyotazamia, na nyingi zinatoka kwa mafundi ambao wana mpako wenyewe mezani. Nimechagua tano. Kabla ya kuzijibu naomba kusahihisha neno moja linalojirudia karibu katika kila barua, nalo ni “kukausha”. Rangi ya maji hukauka kwa sababu maji yake huruka hewani na kuacha rangi nyuma. Mpako wa taa, ukishaondokewa na kiyeyushi chake kama kilikuwamo, haungoji kitu kingine kiruke: kimiminika kilichobaki ndicho kinachogeuka yabisi, palepale kilipopakwa. Kwa hiyo humu nitasema “kuganda”, na fundi aliyezoea kusema kukausha hatanikasirikia.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa miwani. Lenzi za plastiki ninazopokea huandikwa kwamba zina mpako mgumu wa “mseto wa kioo na plastiki” uliokomazwa kwa mwanga. Je, huo ni unga wa kioo uliotiwa kwenye vanishi, au ni kitu kingine? Na taa inahusikaje na kioo?

JIBU: Unajua mwenyewe udhaifu wa lenzi ya plastiki. Haivunjiki kirahisi na ni nyepesi puani, lakini mvaaji akiifuta kwa pindo la shati lenye vumbi, ukiielekeza kwenye taa utaona vistari vyembamba vimejichora kwa mviringo. Vumbi lina chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko plastiki yoyote ya lenzi. Dawa ingekuwa kuifunika lenzi kwa kioo, isipokuwa kwamba kioo huyeyushwa kwa joto la nyuzi zaidi ya elfu moja za Selsiasi, na polikaboneti, mojawapo ya plastiki za lenzi, huanza kulegea ikikaribia nyuzi 150.

Wanakemia waliizunguka shida hiyo kwa kukijenga kioo kutoka kwenye molekuli, kwa joto la chumbani. Wazo lenyewe ni kongwe: katika miaka ya 1840 Mfaransa Jacques-Joseph Ebelmen aliona kwamba kimiminika fulani chenye silikoni, kikiachwa kwenye hewa yenye unyevu, hugeuka polepole kuwa kitu kigumu kinachopitisha mwanga kama kioo. Siri yake ni maji. Atomi ya silikoni ina mikono minne. Katika kimiminika kinachoitwa tetraethili-othosilikati, kila mkono umeshika kundi ambalo maji yanaweza kuling'oa na kuacha mahali pake kundi la oksijeni na haidrojeni. Makundi mawili ya namna hiyo yakikutana hutoa molekuli moja ya maji na kubaki yameungana kwa daraja la oksijeni: silikoni, oksijeni, silikoni. Madaraja hayo yakizidi kuenea pande zote, unapata silika, ambayo ndiyo mwili wa kioo.

Silika tupu iliyojengwa hivi ina kasoro moja kubwa: husinyaa sana, na tabaka lake likizidi unene wa mikromita moja hivi (sehemu ya elfu ya milimita) hupasuka. Hapo ndipo mseto unapoingia. Mtengenezaji hutumia molekuli ya ukoo uleule, lakini yenye mkono mmoja tofauti. Inayotumika mno ina jina refu, methakriloksipropili-trimethoksisilani, na wanaoishika kila siku huiita silani ya methakrili, basi. Mikono yake mitatu ya silikoni hung'olewa na maji kama kawaida. Mkono wa nne umeshika mnyororo mfupi wa kaboni, na kifungo cha silikoni na kaboni hakivunjwi na maji katika hali hizo. Mwishoni mwa mnyororo huo kuna kifungo maradufu cha kaboni kwa kaboni, ambacho maji hayana habari nacho kabisa. Kinasubiri taa.

Ndani ya mpako huwa kumeyeyushwa pia kiasi kidogo cha kianzishi, molekuli inayomeza mwanga wa urujuanimno na kupasuka vipande viwili. Kila kipande ni radikali huru, yaani chenye elektroni moja isiyo na mwenzi, na hutafuta kifungo maradufu kwa pupa. Kikikipata hukifungua, na njaa ya elektroni huhamia kwenye molekuli iliyoguswa, ambayo nayo hutafuta jirani. Mnyororo hukimbia hivyo, na kwa sekunde chache vifungo maradufu vingi vya tabaka zima huwa vimeshikana.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba hakuna unga uliotiwa. Kuna mitandao miwili iliyojengwa kwa nyakati mbili: wa silika uliosukwa na maji, kwa kawaida ndani ya chupa na kabla ya kupaka, na wa akriliki, yaani plastiki ya vile vifungo maradufu vilivyoshikana, uliosukwa na mwanga baada ya kupaka. Silani ya methakrili ni uzi mmoja ulioshonwa katika mitandao yote miwili. Ukilikata tabaka hilo na kulitazama kwa hadubini ya elektroni ungekuta visiwa vya silika vya ukubwa wa nanomita chache (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita) katikati ya akriliki, visivyo na mpaka wa wazi. Tabaka zima kwenye lenzi lina unene wa mikromita chache tu, ilhali unywele wa kichwa hufika mikromita 70 au zaidi. Mtandao wa silika hutoa ugumu. Ule wa akriliki huruhusu tabaka kujipinda kidogo bila kupasuka. Katika miaka ya 1980 taasisi ya utafiti wa silikati ya Fraunhofer, mjini Würzburg, Ujerumani, ilifanya kazi kubwa ya kuiendeleza familia hii ya vifaa, na jina la ORMOCER unaloweza kulikuta kwenye karatasi za bidhaa limetoka huko.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kemia. Nilichanganya unga mwembamba wa silika kwenye monoma ya akriliki, yaani molekuli ndogo ambazo hazijaungana, pamoja na kianzishi, nikamulika kwa taa. Uliganda vizuri, lakini ulitoka mweupe kama maziwa, na nilipousugua, unga ulitoka. Nimekosea wapi, ikiwa vitu vyote viwili ni vyeupe kama maji vikiwa peke yake?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umetengeneza mpako mseto wa daraja la kwanza, kama wataalamu wanavyoita, na ulikuwa ukitafuta wa daraja la pili. Katika la kwanza, sehemu ya kikaboni na ile isiyo ya kikaboni hushikana kwa nguvu hafifu tu, kama mchanga ulionaswa kwenye gundi. Katika la pili kuna vifungo halisi vya kovalenti kati yake, yaani atomi zikishirikiana elektroni. Unga wako ulitoka kwa sababu hakuna kilichoufunga.

Weupe ni jambo jingine. Silika hupinda mwanga kwa kiwango cha takriban 1.46, na akriliki kwa 1.49, tofauti ni ndogo, lakini ipo, na kila mwanga unapovuka kutoka kimoja hadi kingine, sehemu yake hutawanyika. Chembe ikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga unaoonekana, ambao ni nanomita 400 hadi 700, wimbi hupita kana kwamba halikuiona. Kanuni ya kukumbuka, kwa chembe ndogo za namna hii, ni kwamba uzani wa silika ukiwa uleule, ukiongeza kipenyo cha chembe mara 2, mtawanyiko huongezeka mara 8. Unga wa dukani huenda uliandikwa “nanomita 12”, na maandishi yakawa ya kweli, kwa sababu hiyo ni chembe moja moja. Lakini chembe hizo hung'ang'aniana na kuwa vifundo vya ukubwa wa mikromita, na macho yako yanaona vifundo.

Na kwa nini hung'ang'aniana? Fanya hesabu hii kwenye daftari lako: gramu moja ya silika iliyo chembe za duara za nanomita 10 ina uso wa takriban mita za mraba 270. Uso wote huo umejaa makundi ya oksijeni na haidrojeni yanayopenda kushikana yenyewe kwa yenyewe kuliko kushika akriliki. Uvishe uso huo silani ya methakrili kabla ya kuchanganya, yaani upande wa silikoni ushike chembe na upande wa kifungo maradufu uelekee nje, na utatatua shida zote mbili kwa pamoja: chembe hazitajikusanya, na taa ikiwaka zitafungwa kwenye mtandao. Usianze na unga mkavu hata hivyo. Anza na chembe zilizo tayari ndani ya kimiminika, kwa sababu kifundo kikishakauka ni kazi ngumu kukitenganisha.

Kuna njia ya pili, ya kuikuza silika humohumo ndani ya monoma, na hapo uchague kichocheo kwa makini. Asidi huelekea kutoa minyororo yenye matawi machache inayoingiliana vyema na akriliki. Besi huelekea kutoa chembe zilizoshikamana, mithili ya vipira. Mara nyingi utaanza na asidi.

SWALI: Ndugu, karakana yetu ilikuwa ikitumia taa ya mvuke wa zebaki, na mpako wetu ulitoka mgumu kama kigae. Tulipoibadilisha kwa taa ya LED ya nanomita 395, inayotumia umeme mdogo na isiyo na joto jingi, mpako uleule unaganda chini lakini juu unanata. Kidole kinaacha alama. Aliyetuuzia taa anasema ina nguvu kuliko ya zamani. Nani mkweli?

JIBU: Wote mnasema kweli, na ndiyo sababu mmeshindwa kuelewana. Nguvu ya taa ni jambo moja, na rangi ya mwanga wake ni jambo jingine. Taa ya zebaki hutoa mistari kadhaa kwa wakati mmoja, miongoni mwake nanomita 254, 313, 365 na 405. LED hutoa ukanda mmoja mwembamba. Vianzishi vingi vilivyobuniwa enzi ya zebaki humeza zaidi mawimbi mafupi, na kwenye 395 karibu vinalala usingizi. Unaweza kuzidisha nguvu ya taa mara tatu na kianzishi kisijali.

Halafu kuna oksijeni, na hapo ndipo kidole chako kinaponata. Oksijeni ya hewani hukamata radikali kwa kasi kubwa mno kuliko monoma inavyoweza, na radikali iliyokamatwa huwa mvivu, haiendelezi mnyororo. Ndani ya tabaka oksijeni ni chache na huisha upesi. Juu, hewa huijaza tena kila inapotumika. Mawimbi mafupi ya zebaki yalikuwa yakimezwa karibu yote kwenye ngozi ya juu ya mpako, yakazalisha radikali nyingi palepale kiasi cha kuishinda oksijeni. LED yako hupenya hadi chini vizuri, na juu huacha vita bila askari.

Dawa ziko kadhaa. Ya kwanza ni kubadilisha kianzishi: vile vya jamii ya oksidi ya asilifosfini humeza hadi nanomita 400 na kidogo zaidi, na vina sifa nzuri kwamba umanjano wao hufifia kadiri vinavyotumika, hivyo mwanga huzidi kushuka chini. Mojawapo, kinachojulikana kwa herufi TPO, kimepigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2025 kwa hofu ya madhara kwa uzazi. Kama mpako wenu utagusana na ngozi, chagueni ndugu yake mwingine. Ya pili ni kupuliza naitrojeni juu ya mpako wakati wa kumulika, dawa isiyo na mjadala ila inayodai vifaa. Ya tatu ni kutia amini au thioli kidogo, ambazo huirudisha kazini radikali iliyolemazwa na oksijeni. Thioli zina harufu, msiseme sikuwaambia.

Ya nne ni kuhamia kwenye mfumo wa epoksi. Humo kianzishi ni chumvi ya iodoniamu au ya salfoniamu, ambayo ikipigwa na mwanga hutoa asidi kali badala ya radikali peke yake. Asidi hufungua pete za epoksi, na oksijeni haina cha kuifanya. Taa ikizimwa, asidi hubaki na kazi huendelea gizani kwa saa kadhaa. Uzuri wake kwa mseto ni kwamba asidi hiyohiyo ndiyo kichocheo cha kuunganisha silani, kwa hiyo pigo moja la mwanga huisuka mitandao yote miwili. Ubaya wake ni kwamba chochote chenye ubesi, hata mabaki ya sabuni kwenye plastiki, huinyonya asidi na kuacha doa laini, na unyevu mwingi hewani huipunguzia kasi.

Neno moja kuhusu mikono yenu: akriliki isiyoganda inaweza kuzusha mzio wa ngozi ambao ukishaanza huwa hauondoki. Kunata si kasoro ya sura tu. Vaeni glavu mpaka mpako ugande.

SWALI: Nilihifadhi chupa ya mpako mseto kabatini, imefungwa kwa karatasi nyeusi, bila mwanga hata chembe. Baada ya miezi kadhaa nilikuta umekuwa kama jeli. Mwanga ulipitia wapi?

JIBU: Haukupita. Giza huuzuia mtandao mmoja tu. Ule wa silika hauhitaji mwanga. Unahitaji makundi ya oksijeni na haidrojeni yaliyokwisha tayarishwa, na hayo yalikuwamo tangu kiwandani. Yaliendelea kushikana kimyakimya mpaka mtandao ukavuka chupa nzima. Ibaridishe chupa ijayo kwenye jokofu, uiache ifikie joto la chumbani kabla ya kuifungua ili umande usiingie, na uandike tarehe ya kuifungua kwenye kizibo. Jeli haiokoleki. Kuongeza kiyeyushi kutakupa kimiminika chenye vifundo, na utavikuta vyote kwenye kazi yako.

SWALI: Tulipaka paneli za polikaboneti za nje. Zilitoka zikimeremeta, penseli ngumu haikuzikwaruza. Baada ya wiki sita zikawa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Tuliyenunua kwake mpako anasema tulipaka vibaya. Tunaomba hukumu, na pia mtuambie ni vipi tungejua mapema.

JIBU: Hukumu siwezi kutoa bila kuiona paneli, ila naweza kuwaonyesha pa kutazama. Chukueni lenzi ya kukuzia mchunguze ukingo wa chini, pale ambapo mpako hujikusanya unapochuruzika. Kama nyufa zimeanzia huko na ni chache katikati, mpako ulikuwa mnene kupita kiasi. Tabaka linaloganda husinyaa, kwa sababu molekuli zilizokuwa zikipishana sasa zimefungwa karibu karibu. Lakini limeshika plastiki na haliwezi kunywea, basi mkazo hubaki ndani. Kadiri tabaka linavyokuwa nene ndivyo akiba ya mkazo inavyokua, mpaka ufa uwe nafuu kuliko uvumilivu.

Kama nyufa zimesambaa kotekote sawasawa, namshuku mtandao wa silika. Taa iligandisha akriliki kwa sekunde chache na kuyanasa makundi mengi ya silani kabla hayajaungana. Paneli ikionekana imekamilika, makundi hayo yaliendelea kuungana taratibu, kwa wiki nyingi, kila kiungo kikitoa maji na kulivuta tabaka. Kusinyaa kwa kuchelewa ni kubaya kuliko kule kwa taa, kwa kuwa akriliki imekwisha kuwa ngumu na haiwezi kutiririka ili kupunguza mkazo. Tiba ni kuupa mpako joto la wastani baada ya taa, nyuzi 80 hadi 100 kwa saa moja au zaidi, ili kazi hiyo iishe ndani ya oveni na isiishie nje.

Juu ya hayo yote kuna jua. Polikaboneti yenye urefu wa mita moja, joto likipanda kwa nyuzi 40, hurefuka kwa takriban milimita 2.7. Silika tupu ya urefu huo ingerefuka kwa milimita 0.02 tu. Mpako mseto uko katikati, na mahali hasa ulipo hutegemea kiasi cha silika. Penseli yenu ngumu, kwa maoni yangu, ndiyo iliyowapoteza: mara nyingi muuzaji huongeza silika ili kushinda jaribio la penseli (kuukwaruza mpako kwa penseli za ugumu unaopanda daraja kwa daraja), na hapo hapo huupunguzia mpako uwezo wa kunyumbuka pamoja na paneli. Kwa kazi ya nje ningechagua mpako unaoshindwa penseli kwa daraja moja.

Kujua mapema kunahitaji majaribio mawili ya bei nafuu na moja la maabara. Sugueni kwa stilwaya laini ya kusugulia sufuria, mara kumi, kwa uzito uleule, mwangalie kwenye taa. Kisha chora mistari sita kwa wembe na sita ya kuikata, ipatikane miraba 25, bandika utepe wa gundi na uubandue kwa ghafla. Mpako mzuri haupotezi mraba hata mmoja. Rudieni jaribio hili la pili baada ya kukiloweka kipande katika maji ya moto, kwa sababu mpako unaoshika vizuri ukiwa mkavu na kuachia ukilowa ni mpako ambao silani yake haikufungwa ipasavyo.

Jaribio la maabara ni spektra ya mwanga wa infraredi, na chuo chochote chenye idara ya kemia huwa na kifaa chake. Pelekeni kipande mara tu kinapotoka chini ya taa. Kilele kilicho karibu na 1,635 kwa sentimita (idadi ya mawimbi katika sentimita moja) ni vifungo maradufu vinavyosubiri. Kinapaswa kuwa kimeshuka sana, ingawa hakifutiki kabisa, kwa kuwa tabaka likishakakamaa vifungo vya mwisho hukosa nafasi ya kusogea. Halafu angalieni jirani ya 900 hadi 950, panapoonekana makundi ya silani yasiyoungana. Kilele cha kwanza kikiwa kimeshuka na cha pili kingali kimesimama, msiifungashe paneli. Irudisheni kwenye oveni.